Mguu Ukiwa Hewani

Mvua iliwakuta wote stesheni, wenye miavuli na wasio nayo, ikawafungia ndani ya ukumbi wa tiketi. Treni ya jioni ilikuwa imechelewa. Watoto walilia, wakubwa walinung'unika, na foleni ya dirishani ilisimama kama iliyopigiliwa misumari. Ndipo kijana mmoja, aliyevaa koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni, akakalia sanduku lake na kuifungua kodiani, kile kinanda cha kubeba kifuani kinachovuta pumzi na kuitoa kama mtu. Hakuweka kofia chini ili apewe chochote. Alikuwa ameona tu kwamba yule mama aliyekaa mbele yake amechoka kubembeleza.

Mtoto wa yule mama alinyamaza. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Mara kitufe kimoja kikakwama, na sauti iliyotoka pale ikawa haikatiki, nyembamba na ndefu, kama birika lililosahauliwa jikoni. Kijana akakigonga kitufe, akakibembeleza, akacheka kwa aibu. Birika likazidi kulia.

Kwenye foleni alikuwepo binti mwenye gauni la bluu lenye kola nyeupe, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kufika dirishani. Alivumilia, akavumilia, akashindwa. Aliiacha nafasi yake, akavuka ukumbi, akachuchumaa mbele ya kijana, akaichomoa penseli kichwani na kuipitisha chini ya kitufe. Sauti ikakatika, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

"Samahani, kaka," alisema. "Ningekusalimia kwanza, ila masikio yalikuwa yananiuma."

"Shikamoo, daktari," alijibu kijana, na heshima yote usoni.

"Marahaba. Mgonjwa wako ana vumbi chini ya vitufe. Mlete karakana nimsafishe."

"Na mwenye mgonjwa je?"

"Huyo sina dawa yake."

Watu wa karibu wakacheka. Mwuza tiketi, aliyekuwa ameyaona yote, aligonga kioo akamwita binti arudi pale pale alipokuwa, na kwenye foleni ile yote hakuna aliyefungua mdomo kulalamika.

Binti huyo alikuwa fundi wa kodiani. Kazi aliirithi kwa babu yake, pamoja na karakana ya chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, na wapigaji wote wa mjini walimwita Sikio. Kijana alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Jumamosi jioni alipiga muziki kwenye Ukumbi wa Wachapaji, na huko walimwita Mvukuto, kwa jina la kile kifua cha kodiani chenye mikunjo kinachosukuma hewa, maana tangu utotoni akianza kuzungumza haishiwi pumzi.

Hakumleta mgonjwa haraka. Alikuja kwanza mwenyewe, kuuliza karakana inafunguliwa saa ngapi. Kesho yake akaja kuuliza inafungwa saa ngapi. Siku iliyofuata alikuja na kopo la rangi ya kijani, akasema mlango ule unamwumiza macho, na kabla Sikio hajamaliza kukataa, mlango ulikuwa umepakwa nusu. Sikio alimwandalia chai, akamfutia tone la rangi kwenye nyusi kwa kona ya aproni yake. Toka hapo hakuna kati yao aliyehitaji kisingizio.

Simu ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mvukuto akiwa juu ya ngazi, brashi mkono mmoja, alimpigia kumwuliza amekula nini. Sikio alimwonya kwamba ataanguka, yeye akajibu kwamba ameshaanguka tangu stesheni. Jioni aliiweka simu kwenye kiti akampigia muziki, na Sikio akalala kifudifudi kitandani, miguu juu, akisikiliza kama msichana wa shule.

"Kuna sauti moja inatetemeka," alimwambia siku moja. "Ile ya juu. Ni simu yangu, au?"

"Ni mapenzi hayo, kipenzi. Hata vitu vya chuma vinatetemeka."

"Nakuuliza cha maana wewe unaleta utani."

"Basi ni simu yako."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa la wote wawili. Mvukuto hakueleza kwa sababu hajawahi kueleza. Pale ukumbini kila mtu alijua habari ya ile sauti ya juu, kama watu wa nyumba moja wanavyojua ngazi ipi inalia ukiikanyaga. Naye Sikio hakuwa amefika ukumbini hata mara moja. Jumamosi ndiyo siku aliyoletewa wagonjwa wengi, kila mpigaji akitaka chake kipone kabla ya jioni.

Hatimaye kodiani ililetwa. Mvukuto aliomba jambo moja, ulegezwe kile kitufe kilichokwama, kisha akambusu fundi mkono na kukimbilia kazini. Sikio alifungua skrubu, akainyanyua mbao ya ndani. Ndani ya kodiani kila sauti ina ndimi zake, vipande vyembamba vya chuma vilivyogandishwa kwa nta, na hewa ikipita vinatetema. Alikisafisha kitufe. Halafu akauona ulimi wa ile sauti ya juu. Ulikuwa na kutu, na kando yake palikuwa na doa jeupe lililokauka kama chokaa.

Maskini mpenzi wangu, aliwaza, siku zote hizi anapiga na jino bovu mdomoni na halalamiki.

Akaamua kumfanyia zawadi. Alilikwangua doa lote. Aliondoa kutu kwa tupa ndogo, taratibu, akipuliza na kusikiliza, akipunguza chuma kidogo na kusikiliza tena, mpaka sauti ikatoka safi kama maji ya bombani asubuhi. Alifurahi peke yake. Jumamosi mchana Mvukuto alipopita kuichukua mbio mbio, hakumwambia, akaamua afunge mapema aende ukumbini akaone uso wake atakapoisikia.

Alivaa gauni la rangi ya zambarau na viatu vyekundu alivyoazima kwa jirani. Mlangoni alipokelewa na Bibi wa Mlangoni, mama wa makamo mnene mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa akitunza makoti na miavuli ya watu na kumjua kila mmoja kwa koti lake. Bibi alimtazama juu mpaka chini akasema kumbe Sikio ndiye huyu, wamechoka kusimuliwa. Akampeleka kwenye kiti kizuri. Akamwonyesha pia mzee mmoja karibu na dirisha, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Huyo ni baba yake Mvukuto, alieleza. Maisha yake yote alifanya kazi maktaba, na kimya cha kule akakihamishia nyumbani. Kodiani hiyo ilikuwa ya mkewe. Tangu alipofariki, mzee huja kila Jumamosi kuisikiliza, lakini hachezi.

Muziki ukaanza. Sakafu ya mbao ikapokea miguu, wazee kwa vijana, sketi zikafunguka kama miavuli. Sikio akagundua kitu kigeni. Wimbo ulipokuwa unapanda kwenda kwenye ile sauti ya juu, wachezaji wote walinyanyua mguu mmoja, wakauacha hewani wakisubiri.

Sauti ikaja, safi, imenyooka.

Nusu ya ukumbi ilishusha mguu, nusu haikushusha. Mume alimkanyaga mke, mke akamsukuma jirani, na mwalimu mmoja mrefu akajikuta amekumbatia nguzo. Walikuwa wanangoja ule mtetemo uwaambie sasa, na mtetemo haukuja. Vicheko vya kushangaa vikasikika. Halafu vikazimika, maana watu waligeuka kuangalia dirishani. Yule mzee alikuwa amesimama, mkono kifuani. Alitoka nje bila kuchukua mwavuli wake.

Mvukuto alimaliza wimbo kwa sababu wachezaji walikuwa bado sakafuni. Alipofika alipokaa Sikio, hakuwa na uso ule wa siku zote.

"Umeifanya nini?"

"Nimeitibu. Kulikuwa na ulimi mgonjwa, nikataka kuku..."

"Hiyo ilikuwa sauti ya mama yangu." Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Baba yangu hana kingine. Hana hata ukanda wa kaseti wenye sauti ya mama akizungumza. Ana hiyo moja tu, nawe umeikwangua."

"Hukuniambia."

"Hapa hakuna anayeambiwa. Kila mtu anajua."

"Mimi ningejuaje?"

Mvukuto aliuvua mkanda wa kodiani begani. "Unasikia kila kitu, Sikio," alisema, "ila husikilizi." Aliiweka kodiani miguuni pake. Akasema airudishe ilivyokuwa, kama inarudishika, na akaondoka.

Usiku huo simu haikulia. Asubuhi Sikio alipopiga, haikupokelewa; mwenye nyumba wao ndiye aliyemwambia kwamba Mvukuto amepanda treni ya alfajiri kwenda kupiga muziki wa harusi mji wa mbali, na kodiani ya kuazima.

Ulimi wa chuma unaweza kuharibiwa kama unavyoweza kutengenezwa. Ni suala la kupunguza upande mwingine. Lakini kuharibu kiasi gani? Yeye aliisikia ile sauti kwenye simu tu. Aliketi mezani, tupa mkononi, akiogopa kuigusa. Babu alimfundisha kusafisha. Hakumfundisha kuchafua.

Aliyekuja kumfuta machozi alikuwa Bibi wa Mlangoni, chupa ya chai kwapani. Hakumlaumu hata kwa neno. Alimimina vikombe viwili, akasema yeye amewahi kuanguka vibaya zaidi kwa kosa dogo zaidi, na akauliza kinachotakiwa ni nini. Sikio akamweleza kwamba anahitaji watu wanaoikumbuka sauti ile waimbe, yeye asikilize.

Jioni karakana ilijaa. Walikaa juu ya masanduku, kwenye ngazi, wengine wakasimama mlangoni, wakaimba kila mmoja lake. Mmoja alisema ilikuwa kama mbu aliyeshiba. Mwingine akasema hapana, kama bawaba ya kabati. Mwalimu mrefu alisema ilikuwa kama mama mkwe aliyesalimiwa kwa kuchelewa, na mkewe akamwuliza anamsema nani. Walicheka, wakabishana, wakaimba tena, na hakuna sauti mbili zilizofanana. Sikio aliwashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka, waliacha karakana imefagiwa na vikombe vimeoshwa.

Bibi wa Mlangoni alibaki nyuma akifunga kilemba chake. "Anayeijua ni mmoja tu," alisema. "Acha nimfuate."

Sikio alitamani kumzuia. Usiku kucha alijiuliza atamtazamaje mzee yule. Kulipokucha aliamua asimpe taabu ya kuomba. Angekisia mwenyewe, bora kitu kuliko kimya. Aliwasha taa ya meza, akaufunga ulimi kwenye kibano, akaiweka tupa juu yake.

"Iweke chini hiyo, mwanangu."

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa kijani. Shati lile lile, vifungo mpaka shingoni, lakini miguuni alivaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa mpaka taa ikaonekana ndani yake.

"Shikamoo, baba," alisema Sikio, akaiweka tupa chini. "Nisamehe. Sikujua kwamba ni ya marehemu."

"Marahaba. Si ya marehemu." Mzee alitafuta pa kukaa, akakaa, akapanga maneno yake kama anavyopanga mtu vitabu rafuni. "Ni ya maziwa."

"Ya nini, baba?"

"Maziwa."

Akamsimulia, polepole, na Sikio hakumharakisha. Mvukuto alipokuwa mtoto wa kutambaa, mama yake aliiacha kodiani kitandani imefunguka, inapumua yenyewe inavyojifunga. Mtoto aliitazama ikipumua, akadhani ina njaa, akaimwagia chupa yake yote ya maziwa. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jumamosi iliyofuata alipiga akafika kwenye sauti ile, ikatetemeka, akakumbuka, kicheko kikamshika, akachelewa kuendelea. Wachezaji wakanaswa mguu hewani. Wakaipenda, ikawa desturi. Mafundi wengi walitaka kuitengeneza, yeye akakataa. Alisema mwanangu ameingia kwenye muziki wangu kwa miguu yake mwenyewe, simtoi.

"Kwa hiyo sauti anayoililia..."

"Ni ya kwake mwenyewe."

Sikio aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Lakini baba, Jumamosi ulitoka. Ulishika kifua."

Mzee aliinama kuviangalia viatu vyake. "Jumamosi nilimsikia msichana. Kabla ya mtoto, kabla ya mimi kumwoa. Hivyo ndivyo ilivyolia siku ya kwanza niliyoingia ukumbi ule. Miguu ikataka kucheza, nami nimevaa raba. Nikaenda nyumbani kutafuta hivi."

"Na ulipovipata?"

"Vilikuwa vimeota ukungu. Nilipomaliza kuvisafisha, ukumbi umefungwa."

"Mvukuto hakukuuliza?"

"Aliuliza kama nimeumia. Nikampiga piga bega tu. Nilipanga nimweleze asubuhi. Asubuhi kaondoka." Akafikiri kidogo. "Mimi kusema kunanichukua muda. Kwamba mmegombana nimeambiwa jana, na yule mama wa makoti."

Akaomba simu. Aliishika mbali na uso akazungumza kwa nguvu, kama mtu aliyedunduliza maneno maisha yake yote na sasa anayatumia kwa mkupuo. Alimwambia mwanawe habari ya maziwa, ya kicheko, ya viatu. Alipomaliza, mwanawe akaomba apewe fundi.

"Sikio?"

"Nipo."

"Ina maana miaka yote nilikuwa najililia mwenyewe?"

Sikio alicheka, na machozi yakatoka hapo hapo. "Usinichekeshe. Bado nina hasira."

"Una haki. Nilikuambia husikilizi, na mimi ndiye nisiyesikiliza. Nisamehe, kipenzi."

"Si kwenye simu. Njoo uyaseme nikiwa nakuangalia."

Alifika Ijumaa, moja kwa moja kutoka stesheni, koti limelowa. Aliyasema yote akiwa amesimama, bila utani hata kidogo, na Sikio aliona jinsi ilivyomgharimu. Naye akakiri kwamba alipaswa kuuliza kabla ya kugusa, maana kitu cha mtu si kitufe na nta tu. Walishikana mikono juu ya meza katikati ya vipande vya kodiani. Jirani wa duka la vioo, aliyekuja kudai viatu vyake vyekundu, aliwaona akarudi kimya kimya.

"Sasa amua," alisema Sikio. "Niirudishe ya maziwa, au niiache safi? Mtaa mzima umeshaniimbia."

"Nitakujibu kesho."

"Kwa nini si leo?"

"Leo sina watu wa kutosha."

Jumamosi hiyo Ukumbi wa Wachapaji ulijaa kuliko kawaida, kwa maana habari ya maziwa ilikuwa imetangulia. Kila aliyeingia alimpigia mzee saluti, mkono juu kama aliyeshika chupa ya maziwa. Mvukuto alipanda jukwaani na koti lake la kahawia, lililokaushwa na kupigwa pasi. Alipoanza tu wimbo wa mama yake, mzee aliinuka kwenye kiti cha dirishani, akavuka sakafu na viatu vyake, akainama mbele ya Sikio.

Alicheza vizuri mno. Alimwongoza kwa kidole kimoja mgongoni, hakumkanyaga, na kila walipopita karibu na Bibi wa Mlangoni, bibi huyo alivua miwani akaifuta.

Wimbo ukapanda. Ile sauti ikakaribia. Kwa mazoea, ukumbi mzima ukanyanyua mguu.

Sauti haikuja.

Mvukuto alikuwa amesimamisha vidole. Kodiani ilikaa kifuani mwake imefunguka yote, imejaa hewa, haitoi.

"Sikio," alisema.

"Abee."

"Uliniuliza kama uirudishe."

"Nilikuuliza."

"Usiirudishe. Iache safi hivyo hivyo. Atakuja mwingine, ataiona inapumua, ataihurumia, ataipa maziwa."

"Mwingine nani?"

"Mtoto."

"Wa nani?"

"Wetu. Nataka nikuoe, ukikubali. Nakuomba mbele ya baba yangu na hawa wote."

Hakuna aliyeshusha mguu. Walisimama kama korongo, wameshikana mabega, wanayumba. Mwalimu mrefu alikuwa ameirudia nguzo yake.

"Fikiria kwa nafasi yako, mwanangu," alisema Bibi wa Mlangoni toka mlangoni, "ila ujue goti langu hili lilifanyiwa operesheni."

Sikio alimtazama mzee. Mzee alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kiatu cha pili kinang'aa hewani, na hakuonyesha haraka yoyote.

"Mimi naweza kusubiri," alisema.

"Mimi siwezi," alisema Sikio. Akageukia jukwaani, uso umelowa, anacheka. "Nimekubali. Haya, piga, watu wataanguka."

Mvukuto akaisukuma kodiani, sauti ikatoka safi, imenyooka, na miguu yote ya ukumbi ule ikatua kwa pamoja.